Siku Nne Bila Kusema Karibu

Msowero,
Kilosa, Morogoro.
Tarehe 4 Mei, 2025.

Mpendwa mama yangu mdogo Imelda,

Shikamoo mama. Na tena shikamoo, maana ile ya kwanza ni ya salamu na hii ya pili ni ya kukutuliza kabla hujasoma yanayokuja. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, kwa sababu humu kuna maneno yangu na wewe.

Vipi hilo goti? Mara ya mwisho uliniambia linavimba kila ukitoka shambani, na mimi nikakuambia upunguze kuinama, na wewe ukanikemea kwamba viazi havijichimbi vyenyewe. Natumaini limepungua. Baba naye kifua kinaendeleaje? Na mvua za huko Ngudu zimewatendea haki mwaka huu au zimewaruka tena?

Sisi huku hatujambo. Mume wangu Masunga aliugua malaria mwezi wa pili, akapona, sasa anakohoa tu asubuhi na kusema ni vumbi, ingawa hakuna vumbi, ni masika. Kishiwa yuko darasa la sita na amenipita urefu, na mdogo wake wa kiume anamfuata kwa mbio. Agness wetu mdogo ametimiza mwaka mmoja na miezi minane. Anatembea, anaongea maneno yake, lakini mwili bado. Kadi yake ya kliniki iko kwenye ile rangi ya kijivu, ya uzito pungufu, tangu Januari, na hilo litajirudia humu ndani.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Ukipokea simu unaweka sauti ya juu, ukumbi mzima unasikiliza, na kabla sijamaliza sentensi kuna mtu pembeni ananijibu kwa niaba yako. Safari hii nataka nimalize sentensi zangu. Laurent wa hapa kijijini anakwenda Mwanza Jumanne, atakuletea bahasha hii mkononi.

Nimeambiwa umehuzunika. Nimeambiwa shemeji yangu Bonifas alipiga simu kwenu akasema Marciana amesimama mbele ya wasomi huko Mikumi akaivua nguo familia ya mume wake, akatangaza njaa kama mtu anayetangaza mnada. Nimeambiwa pia ulisema hukunilea hivyo. Mama, kusimama nilisimama, wala sikatai. Ninachokataa ni kwamba nilikosa, na ukifika mwisho wa barua hii utaniambia mwenyewe kama ulinilea hivyo au hukunilea.

Mambo yalianza hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu walikuja watu wa utafiti wa lishe. Walichagua kaya kadhaa hapa kwetu, nyingine Magole, nyingine karibu na Mikumi. Kila mama aliulizwa maswali kutoka kwenye karatasi wanayoiita dodoso: mwezi uliopita ulikula nini, mara ngapi, kiasi gani. Kwangu alikuja binti mmoja anaitwa Upendo, Mkaguru wa Berega, mpole, ana mwandiko mzuri.

Maswali yalikuwa mia moja na nane. Aliniuliza nilikula tufaa mara ngapi kwa wiki. Nikamuuliza, mwanangu, tufaa hilo linaota upande gani wa Msowero? Akacheka, akaweka alama ya hapana. Akaniuliza jibini, soseji, juisi ya boksi. Hapana, hapana, hapana. Tulipofika kwenye vyakula vya watu nikamjibu vizuri. Ugali kila siku. Mlenda karibu kila siku. Nsansa mara nne kwa wiki, na ilibidi nimweleze kwamba ni majani ya kunde yaliyokaushwa, maana kwenye karatasi yao hayakuwamo. Dagaa mara moja au mbili. Nyama ya ng'ombe mara moja, msibani. Kuku, hapana. Wali, hapana.

Sikuongeza na sikupunguza. Tuna ng'ombe saba, mama, unawajua wengine kwa majina. Wenyeji wa hapa wakisikia Msukuma mwenye ng'ombe saba anasema anakula mlenda, wanaona anawatania. Lakini wewe na mimi tunajua ng'ombe si mboga. Ng'ombe ni mahari, ni karo, ni siku ya ugonjwa. Na mwezi wa tatu ndio mwezi ambao kihenge cha nafaka kimebaki na vumbi na mahindi ya shambani bado ni majani.

Wiki iliyofuata Upendo akarudi na mizani. Ni ndogo, bapa, kama kibao cha kukatia vitunguu. Alinieleza kwamba wanachojaribu ni dodoso lenyewe. Wanataka kujua kama mtu akiulizwa anakula nini, jibu lake linafanana na kile anachokula kweli. Kwa hiyo angekaa jikoni kwangu siku nne, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka chakula cha jioni, akipima kila kitu. Maneno na mizani yakifanana, basi dodoso limefaulu na watalitumia wilaya nzima. Halafu kutokana na majibu hayo watachagua vijiji ambavyo watoto wa chini ya miaka miwili watapewa unga wa lishe.

Sasa niambie wewe, mama. Mtoto wa watu ametoka kwao, anabisha hodi kwako alfajiri, anakaa karibu na mafiga yako kutwa nzima, anaangalia kila unachotia chunguni. Wewe ungetia nini?

Bonifas ndiye mwenyekiti wa kitongoji, na alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema wageni wanakuja, msituaibishe. Lakini usidhani namsingizia. Hata asingepita, ningefanya nilichofanya. Siku ya kwanza nilimchinja yule jogoo mwekundu. Siku ya pili nilikwenda kwa jirani yangu Magreti nikaazima mchele. Siku ya tatu nilitoa mayai ambayo tetea alikuwa ameyaatamia siku mbili tu, nikayakaanga, na yule tetea akanizunguka miguuni akilalamika mpaka jioni. Siku ya nne nikamchinja na yeye.

Upendo alipima vyote. Alipima kuku akiwa mbichi, akampima akiwa ameiva, akapima mifupa iliyobaki. Alikuja na sahani za plastiki za bluu ili kila mtu apakuliwe yake, kwa sababu sinia moja la watu wengi mizani yake haiwezi kuligawa. Agness alipata sahani yake peke yake kwa mara ya kwanza maishani, hakuna mkono wa dada wala wa kaka uliomtangulia. Alikula mpaka akasinzia na mfupa mkononi.

Na Upendo mwenyewe hakugusa kitu. Kanuni zao haziruhusu. Alikuwa na mkate wake kwenye mkoba na chupa ya maji, anakwenda kula nje ya uzio. Mama, hilo liliniuma kuliko nitakavyoweza kuandika. Lakini sikuacha kupika. Chakula cha mgeni nakipika kwa sababu mgeni amekuja, na kula au kutokula ni juu yake.

Alipoondoka, wiki mbili zilizofuata tulikula ugali na mlenda, na siku tatu kati ya hizo ugali na chumvi. Hayo hayakupimwa na mtu.

Mwisho wa mwezi wa tatu tukaitwa Mikumi kwenye mrejesho. Walileta basi dogo la Kosta, tukajazana akina mama wa Msowero na wa Magole, na Bonifas akakaa mbele na koti lake la jumuiya. Tulipita Kilosa mjini, tukaenda mpaka tukaanza kuona nyani wamekaa kando ya barabara wakitukagua kama askari wa mizigo. Magreti alisema wale nao watuulize tumekula nini. Tulicheka sana, mama. Nataka ujue kwamba tulikwenda tukiwa tunacheka, hatukwenda kutafuta ugomvi.

Mkubwa wa utafiti anaitwa Dokta Goodhope. Ni mtu wa makamo, mtaratibu, anaongea kwa upole mpaka unajikuta unaitikia kwa kichwa kabla hujaelewa. Alionyesha picha ukutani. Kulikuwa na mnara mfupi na mnara mrefu. Ule mfupi, alisema, ni nyama na mayai kwa maneno ya akina mama. Ule mrefu ni nyama na mayai kwa mizani. Kwa kijiji chetu ule mrefu ulikuwa mara sita ya ule mfupi. Wali ulikuwa hivyo hivyo.

Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja. "Mizani haina sababu ya kudanganya, akina mama. Inawezekana mnasahau. Na inawezekana, tusifichane, wengine wanapunguza wakidhani patakuwa na msaada." Watu wakacheka. Bonifas naye alicheka, na nilimwona mabega yameshuka, ametulia, kwa sababu picha ile ilikuwa inasema kwetu tunakula vizuri. Dokta akamalizia kwamba kwa eneo letu majibu ya mdomo hayawezi kutegemewa, watafuata mizani, na kwa mizani kijiji chetu hakina upungufu wa kutisha.

Nilikuwa na Agness mgongoni. Alikuwa amelala, na uzito wake niliusikia vizuri, maana ulikuwa mdogo. Nikaona tumeitwa waongo kwa heshima, kwa sauti nzuri, na soda mkononi. Nikaona uongo huo ambao hatukuusema ndio utakaomnyima huyu mtoto kikombe cha uji. Na nikaona pia, mama, kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa. Jogoo nilimchinja mimi.

Nikasimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikasema:

"Dokta, mizani yako haikudanganya. Mimi ndiye niliyeidanganya. Yule jogoo nilimchinjia Upendo, sikuwachinjia wanangu. Mtu akikaa jikoni kwangu kutwa nzima ni mgeni, na mgeni kwangu hali mlenda. Ulipotuuliza kwa mdomo tulikuambia tunavyoishi. Ulipotuletea mtu mlangoni tukampikia. Ukitaka kumwita mtu mwongo, uite ile sufuria."

Upendo alikuwa amekaa pembeni na daftari, akainamisha kichwa, kwa sababu alijua. Alikuwa amejua tangu siku ya tetea, lakini kazi yake ilikuwa kupima, si kuuliza kwa nini.

Ndipo Magreti akasimama. Magreti ni mwenyeji, babu yake alizaliwa pale pale, kama kuna mtu wa kuona haya kusema kwamba kwake chakula kimepungua ni yeye. Akasema, "Wali mliouandika kwangu ulikuwa mbegu ya kupanda. Niliitwanga kwa sababu binti wa watu alikuwa amekaa anatazama." Wengine wakasema "kweli kabisa" bila hata kunyoosha mikono. Dokta akaomba wanyooshe mkono wale waliopika siku za mizani tofauti na siku zao. Mikono ilipanda yote, mpaka ya akina mama wa Magole, mpaka ya yule mama wa Mikumi mjini aliyekuja na viatu virefu. Kila mmoja alikuwa ameficha hilo peke yake akidhani yuko peke yake.

Bonifas akasimama, akasema huyu shemeji yangu anatutia aibu, kwetu hakuna njaa, sisi ni watu wa mifugo. Hapo ndipo niliposema neno lililomfanya apige simu kwenu. Nilimuuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, jana usiku kwako mmekula nini?" Akakaa.

Hilo moja, mama, nakubali lilizidi. Yeye ni kaka wa mume wangu, na mkubwa. Nilikwenda kwake kesho yake nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa swali lile. Alinisamehe kwa mdomo, usoni bado. Lakini radhi niliyoomba ni ya swali, basi. Kwa mengine sikuomba, na wewe ukiniambia niombe sitaomba. Utanisamehe kwa ukaidi huu, uliuona tangu nikiwa na miaka mitano.

Dokta, nimpe haki yake, hakukasirika. Alivua miwani akauliza, sasa tufanye nini? Nikamwambia warudi. Warudi na dodoso na mizani, mwezi huu huu wa njaa, bila kutangaza siku. Wasije na sahani za bluu. Na mtu wao akifika kwangu sitamkaribisha. Asitegemee kiti, asitegemee maneno mazuri. Watu wakacheka tena, ila safari hii kilikuwa kicheko cha upande wetu. Akakubali kaya kumi na mbili.

Nyumbani Masunga alikuwa ameshapata habari kabla Kosta haijafika. Wiki nzima hakuniambia kitu zaidi ya "ng'ombe wamerudi." Siku ya nane, tukiwa tunapalilia, akasema, "Ulichosema ni kweli. Ila umekisema kwa sauti." Nikamwambia ningekisema kwa kunong'ona wangeandika nini. Akaendelea na mstari wake.

Upendo alirudi Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua inanyesha. Nikasikia hodi. Mama, wewe unajua neno gani hutoka lenyewe ukisikia hodi. Nililikamata kwenye meno. Nikasema, "Ingia." Akaingia, amelowa, akasimama. Kigoda kilikuwa pale, sikumpa. Akageuza ndoo tupu akakaa juu yake. Kishiwa alinitazama kana kwamba mama yake amebadilishwa usiku.

Baada ya maswali yale mia na nane, ambayo safari hii yalikuwa na nsansa ndani, tukaanza siku nne ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi katika nyumba hii. Asubuhi uji mweupe usio na maziwa. Mchana ugali na mlenda. Jioni ugali na nsansa, nimeiunga na karanga kidogo. Nikapika kama ninavyopika nikiwa na wanangu tu, na kila nilipofunua sufuria uso uliniwaka.

Nilikataa kupakua kwenye sahani. Sinia moja, mikono yote, kama siku zote. Upendo akabuni njia. Alihesabu matonge ya kila mtoto, na kila baada ya muda anaomba tonge moja kabla halijafika mdomoni, analipima, analirudisha. Kaka yake Agness alikula matonge kumi na tisa. Agness alikula saba, na tonge lake halikufika gramu ishirini. Nilikuwa sijawahi kuhesabu. Yakihesabiwa mbele yako huwezi tena kujifanya hujui.

Siku ya pili mchana tulikuwa na michembe tu, ile ya viazi vikavu uliyonitumia na Laurent mwaka jana, ya mwisho kabisa. Siku ya tatu mchana hatukuwa na kitu. Sikuwasha moto. Upendo alikaa juu ya ndoo yake na kalamu, saa saba, saa nane, akachora mstari mahali pa chakula. Nina mitetea miwili iliyobaki na jogoo mchanga. Mara tatu nilikwenda mpaka kwenye kibanda cha kuku, mara tatu nikarudi mikono mitupu. Mara ya tatu nilikuwa nalia, si kwa njaa. Nilikuwa nalia kwa sababu mtu yuko kwangu na mimi sijawasha moto.

Masunga siku zote hizo alikuwa anaondoka na ng'ombe kabla Upendo hajafika, ili asione. Siku hiyo ya tatu alirudi mapema, akakuta jiko baridi na mgeni juu ya ndoo. Nilidhani atageuka. Akaja akachutama mbele ya binti yule, akasema, "Niandike na mimi. Baba wa nyumba, mchana, hakuna." Upendo akaandika. Masunga akasubiri mpaka kalamu ilipoinuka kwenye karatasi, akainuka, akaenda kunywa maji.

Siku ya nne jioni Upendo alipima sinia la mwisho, akapima lililobaki, akazima mizani. Akaifuta, akaitia kwenye mfuko wake, akafunga zipu. Alipokuwa anatafuta viatu vyake tukasikia kuku anapiga kelele nyuma ya nyumba. Alikuwa Masunga, na sikumtuma mimi.

Nikavuta kigoda, nikakifuta kwa upande wa kitenge changu, nikamwekea. Nikamwambia neno nililolibana siku nne.

"Karibu, mwanangu. Karibu sana. Kaa."

Akasema, "Mama, utaratibu wetu hauruhusu."

Nikamwambia, "Utaratibu umeshaufungia kwenye mfuko. Sasa uko kwangu."

Akakaa. Mkate wake aliwagawia watoto. Kuku alipoiva alikula nasi kwenye sinia letu, Agness amemlalia pajani, na Masunga akamtuma Kishiwa alete firigisi kwenye kisahani, ile ile ambayo tangu tuoane hajawahi kumpa mtu. Yule kuku hayumo kwenye karatasi yoyote ya utafiti, mama, na hatakuwamo.

Ijumaa iliyopita Upendo alinipigia. Kaya zote kumi na mbili, maneno ya akina mama na mizani sasa yanakwenda pamoja, kasoro ndogo ndogo ambazo anasema hata wao wenyewe wangekuwa nazo. Dodoso limesimama. Dokta ataandika kwamba siku zile za mwanzo zilikuwa siku za mgeni, na kijiji chetu kimo kwenye orodha ya unga, kuanzia mwezi wa saba. Mimi nitaamini nikiuona kwenye kikombe cha Agness. Lakini wakitajwa wasiosema kweli, hatutakuwa sisi tena.

Bonifas amesikia kuhusu orodha. Jana alinikuta kisimani akaniamkia yeye kwanza, akaniuliza unga unakuja tarehe ngapi. Nikamjibu kwa heshima zote.

Sasa nirudi kwako, maana ulisema hukunilea hivyo. Unamkumbuka yule katekista aliyekuja Ngudu mwaka ule wa ukame, akalala kwetu siku mbili? Ulichinja kuku wawili. Ukapika wali, na mimi sikujua hata kama ndani mlikuwa na mchele. Alisema kwenye mahubiri kwamba nyumba ya Imelda imebarikiwa. Baada ya yeye kuondoka tulikula michembe juma zima, na wewe ulikuwa unakula mwisho, ukisema umeshiba harufu. Nilikuwa na miaka minane, nikakuona. Katekista yule angekuja na mizani, angeandika kwamba sisi ni matajiri, na wewe ungekaa kimya.

Mimi sikukaa kimya, na hapo ndipo tumetofautiana. Kupika ulinifundisha wewe, nami nimepika vile vile. Kusimama nimejifunza mwenyewe, kwa ajili ya mtoto wa matonge saba. Kama ni aibu, basi nimeibeba mimi, na wala sioni kwamba imenikunja mgongo.

Nisalimie baba, mwambie aache sigara za kujificha, harufu inafika mpaka Kilosa. Msalimie dada Filomena na mapacha wake, na mama Abeli jirani, na wote watakaouliza barua inasema nini. Kishiwa anakuamkia shikamoo bibi, amesisitiza niandike hivyo. Masunga naye anakusalimu, anasema mwezi wa nane mkishavuna uje upumzishe goti hilo. Mungu akulinde, aifungue mikono yako na kihenge chako.

Na ukija, mama, utaona jogoo mchanga anayezunguka uani, mwekundu kama yule wa mwanzo. Huyo ni wako. Nitakupikia na wali, nitakupa kigoda kizuri, na utakula mpaka uniombe niache kukuongezea. Usije tu ukaniuliza jana yake tulikula nini.

Ni mimi mwanao mkaidi, nikupendaye hata pale ninapokubishia,

Marciana (Mama Kishiwa)